Faini ya Vumbi

Kabla greda halijafika huku kwetu Mbulumbulu, barabara yetu ilikuwa salama kwa sababu ilikuwa mbovu. Pikipiki zilipita zikiyumba kwenye makorongo, kenta za maharage zilipita zikilia, na mama yangu alivuka na ndoo yake ya maziwa bila hata kugeuza shingo. Kisha wakaja, wakachonga, wakamwaga kifusi, wakashindilia. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na cherehani yangu, nikaiona pikipiki ya kwanza ikipita kama imetumwa na shetani, nikasema, haya, sasa mama yangu watamuua.

Mama yangu hasikii. Homa moja ya zamani ilimwachia uhai ikamchukulia masikio, na kidogo kilichobaki kinakwenda na umri. Ukitaka akusikie, umwinamie sikio la kushoto na useme kwa nguvu, tena kwa Kiiraqw, kwa sababu Kiswahili anasema alishakisikia zamani na hakina jipya. Nyumba yetu iko upande huu wa barabara. Ng'ombe wake yuko upande wa pili, kwenye banda alilojenga marehemu baba kwa mikono yake. Kila alfajiri anavuka kwenda kukamua na kurudi, na jioni hivyo hivyo. Nimemwambia tumhamishe ng'ombe, akaniangalia kama vile nimetukana kaburi. Nimemwambia basi nikushike mkono, Aayo, ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu. "Mimi si mgonjwa," akasema, na siku niliyojaribu kumshika alininyang'anya mkono wake mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani.

Sasa mtu wa namna hiyo unamfanyaje? Nikaanza kudai matuta. Sikutaka makubwa, jamani. Tuta moja upande wa juu wa nyumba yetu na jingine upande wa chini, ili anayekuja apunguze mwendo apende asipende, amwone bibi na ndoo yake kabla hajamfikia.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Ofisi yake iko karibu na kwetu, barabarani hapo hapo. Ni kijana mwenye adabu, anavaa shati safi hata wakati wa tope, na ana jibu la kila kitu. Akaniambia, "Mama, matuta yanahitaji kibali cha watu wa barabara, na yanahitaji fedha. Kibali tutaomba. Fedha inahitaji chanzo."

"Chanzo ndiyo nini?"

"Faini," akasema, na macho yakamng'aa. Tutunge sheria ndogo ya kijiji. Anayekimbiza chombo katikati ya makazi ya watu atozwe, na hizo faini ndizo zitakazojenga matuta. Nilitoka pale nimemwona ni mtu wa maana sana. Nilimshonea hata kitambaa cha kiti chake, bure.

Mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa. Kila mtu aliikubali faini kabla haijaelezwa, maana wenye pikipiki hawakuwa wengi na wenye kulalamika tulikuwa wengi. Tukakwama kwenye jambo moja tu: utajuaje kwamba mtu amezidi mwendo? Mmoja aliyewahi kufanya kazi mjini akasema kule kwenye lami trafiki wana tochi, wanakupiga nayo ungali mbali, ukifika wanakuonyesha mwendo wako na huna la kusema. Mwenyekiti akauliza tochi hiyo tutaipata wapi.

Ndipo mzee mmoja jirani yetu, mfugaji wa siku nyingi, akasimama akasema, "Mwendo si unaonekana kwa vumbi? Ng'ombe akitembea, vumbi linaishia magotini. Akikimbia, linampita mgongo. Mimi nikiwa nyumbani najua ng'ombe wangu wanarudije kabla sijawaona."

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatazamana, wakaanza kutikisa vichwa. Kweli bwana. Nani hapa hajui kusoma vumbi? Ikaandikwa hivyo hivyo: chombo chochote kitakachotimua vumbi likavuka uzio wa ofisi ya kijiji, mwenye chombo amezidi mwendo na atalipa faini. Mikono ikanyooshwa, na wangu ukiwemo. Ukikaa barazani pangu kiangazi, ukanywa chai yenye rangi ya udongo, ukakohoa udongo, ukashona sare nyeupe za shule zikageuka nyekundu kabla ya kupigwa pasi, na wewe ungenyoosha.

Hakuna aliyeukumbuka upepo.

Upepo unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro haujui sheria ndogo. Mchana ukivuma, hata kuku akiparua, vumbi linavuka uzio. Mtu wa kwanza kukamatwa na mgambo alikuwa mwinjilisti wetu akiwa juu ya baiskeli. Kenta ilimpita, kenta ikaenda zake, vumbi likavuka uzio, na aliyebaki kuonekana baada ya vumbi kutulia ni yeye, anapepesa macho, na Biblia kwenye kapu. Wa pili alikuwa mwenye ng'ombe. Akabisha kwamba ng'ombe si chombo, mgambo wakasema vumbi ni vumbi, watu wakajaa, shughuli nusu siku. Vijana wa pikipiki wao walishajifunza. Asubuhi hewa ikitulia wanakimbia wanavyotaka, na mchana wanapita upande ambao upepo unapeleka vumbi kwangu badala ya ofisini. Kwangu hakuna sheria. Mimi nilimeza vumbi la kijiji kizima.

Lakini faini zilikuwa zinaingia, hilo nililiona kwa macho yangu. Kila siku mtu alikuwa anatolewa kikaratasi cha risiti kwenye kimashine chao cha malipo. Nikavumilia. Nikasema acha nimeze, matuta yanakuja.

Mkutano uliofuata mtendaji akasoma mapato na matumizi. Mapato, ndiyo, yapo. Matumizi: petroli ya pikipiki ya kijiji. Tairi ya pikipiki ya kijiji. Chai ya mgambo. Petroli tena. Nikasimama. Nikauliza pikipiki ya kijiji inakwenda wapi.

"Inafuatilia wanaokimbia, mama."

"Wanaokimbia wakikamatwa?"

"Wanalipa faini."

"Na faini?"

"Inanunua petroli," akasema, bila kuona aibu hata chembe, kama vile ananifundisha jedwali la kuzidisha. Na nyie, hiyo pikipiki yenyewe ikitoka pale ofisini kufukuza wakosaji ndiyo inayotimua vumbi kuliko wote! Nani anaitoza? Niliwauliza hivyo hivyo, kwa sauti. Mwenyekiti akaniambia nipitie kwa utaratibu. Nikakaa chini huku mishipa ya shingo imenisimama.

Nikapanda Noah ya abiria nikateremka Karatu mjini kuuliza kwenye ofisi za wakubwa. Tulipofika kwenye lami tukapigwa tochi. Dereva akashuka, akaandikiwa, akarudi akiwa amenuna. Nikamuuliza hiyo faini yake inakwenda wapi. Akaniambia, "Inakwenda juu, dada."

"Juu wapi?"

"Juu. Ukilipa kwa simu tu, imeshapaa."

Mjini walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Walinipa kiti. Wa kwanza akanieleza kwamba faini ya trafiki inaingia mfuko wa serikali, faini ya sheria ndogo inabaki kwa walioitunga, na matuta ni kazi ya watu wa barabara. Wa pili, mtu wa barabara, akasema hawajengi kwa faini, wanajenga kwa bajeti, na bajeti ina foleni, na barabara yetu ndiyo kwanza imechongwa kwa hiyo tumshukuru Mungu. Nikamwambia imechongwa ndiyo maana nimekuja. Akanielewa kabisa. Walinielewa wote, na hilo ndilo lililonichosha. Nikarudi nyumbani bila tuta, nimenunua nyuzi.

Kisha mvua zikanyesha.

Nilikuwa najua mvua zitakuja, ni mkulima mimi. Lakini sikuwa nimelifikiria hilo mpaka nilipoiona pikipiki ya kwanza baada ya mvua ikipita mbele ya ofisi kama risasi, na mgambo wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai. Hakuna vumbi. Nikavuka barabara nikawauliza mbona mmekaa. Wakanyoosha vidole chini. Ardhi nyekundu, nzuri, iliyolowa, hata punje haikuruka. Sheria yetu ilikuwa imelala, na ingelala mpaka kiangazi. Nilicheka pale peke yangu kama mwehu.

Asubuhi moja ndani ya mvua hizo Mama alikuwa anarudi kutoka kukamua. Nilimwona kutoka barazani, ndoo mkono wa kulia, mtandio kichwani, katikati kabisa ya barabara. Na nikaisikia pikipiki, mimi ninayesikia. Nilipiga kelele. Nilimpigia nani, sijui. Aliyekuwa anaendesha ni shemeji yetu, mtu mzima mwenye watoto, amemwoa binti wa ukoo wetu. Akamkwepa, pikipiki ikateleza, ndoo ikamtoka Mama mkononi na maziwa yote yakaenda kwenye tope. Badala ya kushuka kumpa pole, huyo mwanamume akageuka akamtukana. Maneno ya uzazi. Siyaandiki hapa.

Mama hakuyasikia. Aliinama akawa anatafuta mfuniko wa ndoo. Mimi niliyasikia, na wanawake waliokuwa wanakwenda shambani waliyasikia.

Nilijikuta barabarani na mkasi mkononi, namshukuru Mungu shemeji alikuwa ameshaondoka. Nikaingia kwa mtendaji na mkasi huo huo. Nikamweleza. Akasikitika, akasema ni utovu wa nidhamu mkubwa. Kisha akauliza, "Lakini, mama, kulikuwa na vumbi?"

"Kulikuwa na tope!"

"Tope halimo kwenye sheria," akasema kwa upole. Jamani, kuna upole unaotamani kuupiga makofi.

Sasa, kwetu huku mwanamume akimtukana mama wa watu maneno ya namna ile, kesi haiendi kwa mwenyekiti wala kwa mtendaji. Inakwenda kwa wanawake. Hakuna aliyeniuliza. Kabla ya mchana walishajaa uani kwa shemeji, wakubwa kwa wadogo, na fimbo zao, wanaimba, na hakuna mwanamume aliyethubutu kusogea. Wakamwambia watakaa pale mpaka alipe. Wakataja: kondoo dume, mweusi, asiye na alama. Shemeji alijaribu kujieleza, mke wake mwenyewe akamzomea kutoka jikoni. Ilipofika jioni kondoo akatoka, mnene, mzuri, na mimi nilipomwona akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye mnada wa Karatu.

Nikawaambia wenzangu, mama zangu, dada zangu, hii ni faini ya barabara. Tumuuze huyu kondoo. Tununue mawe na kifusi, tuwalipe vijana, tuweke hata tuta moja, watu wa barabara watalikuta limeshakaa. Nilizungumza vizuri, nasema kweli. Nilikuwa nimezungumza hivyo mwaka mzima.

Bibi mmoja, rafiki wa Mama tangu usichana wao, akanitazama kwa huruma. "Faini haiuzwi, mwanangu. Ukimuuza, atakayemnunua huko mnadani atajua ni wa nini? Atakula tu nyama. Huyu analiwa hapa, na sisi tuliosikia, akaisha. Ikibaki faini, ugomvi umebaki."

"Na barabara, bibi?"

"Barabara si iko pale?"

Nilikaribia kulia. Kule ofisini faini inaliwa na pikipiki, huku inaliwa na wanawake, na mama yangu bado anavuka! Wakamchinja. Hakuna aliyebeba kipande kwenda nacho nyumbani, ndivyo ilivyo, kila kitu kiliishia pale pale. Mama alipewa sehemu nzuri kuliko zote, na alifurahi kama siku ya harusi, anatafuna taratibu na meno yake yaliyobaki, anacheka na wenzake mazungumzo asiyoyasikia. Na mimi nilikula. Nilikuwa na njaa, na hasira inaongeza njaa. Nilitafuna tuta langu la kwanza likiwa na chumvi.

Haya, na niseme ukweli ingawa unaniudhi. Baada ya siku ile shemeji akimwona Mama barabarani anazima pikipiki, anashuka, anaisukuma kwa mikono mpaka ampite, na shikamoo juu. Wenzake nao wakaanza kupunguza mwendo pale kwetu. Vikaratasi vyote vya kile kimashine havikuwahi kumpunguza mtu mwendo hata kidogo, na kondoo mmoja amefanya kazi hiyo. Nilikuwa nawaona wakipunguza, nafurahi, na papo hapo nakasirika kwamba nafurahi.

Lakini habari ya yule kondoo wanaijua waliokuwepo tu. Mvua zilipoisha likaja gari la kambi moja ya watalii huko juu karibu na msitu, dereva mgeni, anakata njia. Vumbi nililiona kabla ya gari, limesimama juu kuliko paa la ofisi. Mama alikuwa katikati ya barabara. Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana, na nilijua katikati ya mbio zangu kwamba sitafika. Breki zikalia, yeye hakuzisikia. Bampa ikaigusa ndoo. Iligusa tu, kling, kama mtu anabisha hodi.

Dereva akashuka, akasimama mbele yake mikono juu. Mama akamwona huyo kijana mbele yake, akadhani anasalimiwa. "Saita," akamjibu, salamu yetu, kwa heshima zote. Ndipo vumbi likatulia akaliona gari nyuma ya kijana, lilipokuwa na yeye alipokuwa. Akaweka ndoo chini. Akakaa kando ya barabara, kwenye majani, na sikuwahi kumwona Mama akikaa chini mchana kweupe.

Dereva alikuwa ananinyooshea noti. "Ya soda tu, dada. Ya bibi. Nisamehe." Niliitazama ile noti. Mwaka mzima nimeuliza faini inakwenda wapi, na sasa hii hapa, inataka niiambie mimi iende wapi. Nikamwambia aipeleke pale ofisini kwa mtendaji, huenda petroli imemwishia.

Kesho yake alfajiri nilikuwa nimeshakaa kwenye cherehani. Mama akatoka, akafika kwenye ukingo wa barabara, akasimama. Barabara ilikuwa tupu, hakuna hata mbwa. Hakuvuka. Akageuka akanitazama, akaendelea kunitazama, mpaka nikauacha ule mshono nikaenda. Nikamnyooshea mkono. Hakuupokea. Akanipa ndoo.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayebeba ndoo na yeye anatembea ubavuni kwangu, bega kwa bega, na mtu akituona anadhani bibi ananisindikiza. Alfajiri na jioni. Wateja wananung'unika kwamba sare zinachelewa. Wanung'unike.

Majuzi tulikuwa na mkutano mkuu mwingine, na Mama akataka kwenda, anapenda kuona watu. Mtendaji akasimama na shati lake safi akasoma taarifa. Matuta yapo kwenye mchakato. Kisha akakunjua uso, akasema anayo furaha kuutaarifu mkutano kwamba tangu sheria ndogo ya mwendo ipitishwe, hakuna mtembea kwa miguu hata mmoja aliyegongwa, na kwa namna ya pekee wazee wetu sasa wanavuka barabara kwa usalama. Sheria imefanya kazi. Tujipongeze.

Watu wakapiga makofi. Mama akawaona watu wanapiga makofi, naye akapiga, kwa nguvu, anatabasamu huku na huku. Kisha akanivuta kitenge. "Wanasema nini?"

Nikamwinamia sikio la kushoto. Ukisema na mama yangu huwezi kunong'ona, na wakati huo makofi yalikuwa yameshaisha. "Wanasema faini ndiyo inayokuvusha barabara!"

Mama akafikiri. Akainua macho akaitazama meza ya wakubwa, mtendaji, halafu mwenyekiti, halafu mgambo mmoja mmoja kwenye benchi lao, kwa makini, kama anayemtafuta mtu anayetakiwa kumshukuru.

"Ni yupi?" akauliza, kwa ile sauti yake ya kutosikia, inayofika mpaka ng'ambo. "Mbona alfajiri simwoni?"

Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda ya mengineyo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na muda wa kukamua ulikuwa umefika, kwa hiyo nikainuka na Mama akainuka, tukaenda kuchukua ndoo.